Miji Iliyoletwa Kupigwa Pasi

Ruwi, saa nane mchana, Agosti.
Hata kivuli kimejificha uvunguni mwa gari.
Dobi letu liko nyuma ya duka la simu,
kipoza hewa kinakohoa maji ndooni
nami nanyoosha kanzu za watu wa harusi ya Samail.

Akaingia mgeni, fulana imemganda mgongoni,
kitabu cha safari kwapani, mashati matatu mkononi,
akauliza kwa Kiarabu cha kuokoteza:
"Huku kuna nini cha kutazama?"

Nimekaa Maskati miaka kumi na mmoja.
Ngome ya Nizwa naijua kwenye kifuniko cha halua.
Naijua hii milima, ukoko wa chungu kilichoungua,
na najua kola ipi ya karani, ipi ya dereva.
Nikamwambia: subiri. Waulize hawa.

Tijani hakungoja.
"Omdurman. Fika alfajiri, keti kwenye kibao cha muuza chai.
Kabla hajakoroga sukari
atakuuliza mama yako hajambo."
"Lakini kuna vita."
"Vipo. Ndiyo maana nikasema alfajiri."

Abdulqawi akainua kichwa kutoka kwenye pipa la mashuka:
Taizi, akasema, jibini iliyofukizwa moshi,
na wanawake wa mlima Sabiri
wanaochomeka rihani kando ya shavu
(kama kikuba, nikawaza, kilichokosea mahali).
Miaka ile barabara ilipofungwa,
mwendo wa dakika kumi ukawa wa saa sita, kwa kuzunguka majabali.
"Jibini ilifika.
Imechoka, lakini ilifika."

Nuhadi, mshona vifungo, uzi mdomoni:
"Sisi watu wa Homsi ndio kichekesho cha Siria nzima.
Eti Jumatano ni siku yetu ya wehu.
Basi nenda Jumatano.
Ukimkuta mtu kaketi juu ya kifusi anasimulia kisa
na wenzake wameshika mbavu,
hapo ndipo mjini."

Furaha alikuwa amekuja na nguo za bosi wake,
ana nusu saa tu, na alisema haraka haraka:
Goma, ukuta ni jiwe la volkano, njia ni jiwe la volkano,
viazi vinaota katikati yake kwa ubishi.
Na kuna chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali,
hubeba magunia sita kuteremka mlima,
breki yake kandambili la mwenyewe.
Akacheka mpaka akashika meza.
Kisha akatazama simu.
Tiki moja. Tangu Jumatatu, tiki moja.

Mgeni anaandika pembezoni mwa kitabu,
mahali palipoachwa wazi.
"Na wewe, bibi?"

Mimi?
Mwaka mmoja Lamu yetu waliipaka wekundu
kwenye ramani za wasafiri.
Mjomba akafunga nyumba ya wageni,
akauza vitanda, akauza na vyandarua.
Punda hawakupata taarifa,
wakaendelea kuziba vichochoro.
Nikamwambia: nenda Langoni,
mlango wa pili baada ya msikiti, keti dakani.
Usigonge.
Atatoka mtu akuulize kama umekula.

Sikumwambia ile nyumba tuliiuza.

Mashati matatu, baisa mia sita.
Akatoka na jua likammeza.

Alhamisi akarudi, pua imebabuka.
Alikwenda Nizwa, akapanda ngome,
akaona mitende, mfereji wa falaji, soko la mbuzi.
"Pazuri sana," akasema.
Akahesabu sarafu, akazihesabu tena,
hakuondoka.
"Ila nilikaa mlangoni mwa nyumba moja, kama ulivyonielekeza.
Mzee akanikimbilia na sahani ya tende."

Wote tukamgeukia.
Nuhadi akatoa uzi mdomoni.
"Siku gani hiyo?"
"Jumatano."

Pipa la mashuka likacheka, kipoza hewa kikacheka,
Tijani akainjika birika.
Kando ya ubao wa pasi
simu ya Furaha, aliyoisahau kwa haraka,
iliwaka mara moja
ikazima.